Vichwa vya treni vilivyobeba majina ya milima yetu, na watu waliovipiga picha (uzi maalumu)

Mlinda Reli (mleta uzi)

Wakuu wa Moshi, Arusha na kokote mliko, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye chai aisogeze karibu.

Mwaka 1955 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, Uingereza, kilianza kuleta vichwa vipya vya treni kwa reli ya Afrika Mashariki. Kufikia 1956 vilikuwa vimekamilika 34, namba 5901 hadi 5934, na vilipewa majina ya milima ya ukanda huu. Wewe uliyezaliwa kaskazini hebu soma haya majina polepole: Kilimanjaro. Meru. Monduli. Longido. Kitumbeine. Gelai. Lengai. Oldeani. Loolmalasin. Hanang. Shengena. Karibu theluthi ya vichwa vyote ni milima ambayo mtu wa Moshi, Arusha, Same au Babati anaitazama akiwa anapiga mswaki asubuhi.

Vilikuwa vya aina ya Garratt. Kwa wasiovijua: kichwa cha mvuke cha kawaida kina boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, iliyokalia magurudumu. Mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt akaja na wazo la kuligawa zigo. Boila moja nene inakaa katikati, mbele yake kuna injini yenye magurudumu yake na tangi la maji, nyuma yake kuna injini nyingine pamoja na mafuta. Kila upande unajipinda peke yake, kwa hiyo mashine ndefu kupita kiasi inakata kona kali bila shida. Na kwa sababu chini ya boila hakuna magurudumu, tanuru linaweza kuwa pana na lenye kina. Vya kwanza vya aina hiyo vilitengenezwa 1909 kwa ajili ya Tasmania. Hivi vya kwetu vilizidi mita 31 kwa urefu, vikawa na uzito wa tani kama 252, na kwenye reli za upana wa mita moja duniani kote hakujawahi kuwa na vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuliko hivyo. Kimoja kilivuta tani 1,200 kutoka Mombasa, usawa wa bahari, mpaka Nairobi kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600. Vilichoma mafuta mazito, siyo makaa ya mawe, na vilipakwa rangi ya damu ya mzee.

Najua swali litakalokuja: je, "Mount Kilimanjaro" kiliwahi kuegesha Moshi chini ya mlima wake? Reli yetu ilikuwa nyepesi mno kwake. Kila ekseli ya vichwa vile ilikandamiza tani 21, na njia iliyojengwa kubeba uzito huo ilikuwa ya Mombasa–Nairobi. Reli ya Tanga ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1893 na kuifikisha Moshi 1911, pamoja na kipande cha Moshi–Arusha kilichokamilika 1929, ilikuwa ya vichwa vyepesi. Jina la mlima wetu likaenda kufanya kazi kwa jirani.

Kuanzia 1973 vilianza kuondolewa kazini, na 1980 vya mwisho vikazimwa moto. Kati ya 34 vimebaki viwili, vyote makumbusho ya reli Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Vingine vyote vilikatwa vyuma chakavu. Kilimanjaro, namba 5928, kimekatwa. Meru, namba 5903, kimekatwa. Leo ukitaka kuviona hivyo vilivyokatwa, unaviona kwenye picha tu.

Na picha zenyewe, nyingi zilipigwa na wageni. Hapo ndipo nataka tukae. Naendelea chini.

Mlinda Reli

Hawa wageni ni watu gani? Ni mashabiki wa reli. Tarehe 11 Agosti 1968 shirika la reli la taifa la Uingereza liliendesha treni yake ya mwisho ya abiria ya mvuke kwenye njia kuu, tiketi guinea 15, pesa nyingi sana kwa wakati ule, na watu walijipanga kando ya njia kuiaga. Baada ya hapo mvuke ukapigwa marufuku kwenye njia kuu mpaka 1971. Sasa mtu ambaye tangu utotoni Jumamosi zake alizimalizia stesheni, daftari mkononi, akiandika namba za vichwa, atafanya nini? Wenye uwezo walifunga safari kuufuata mvuke ulikobaki: Afrika Kusini, India, Zimbabwe ya leo, na huku kwetu.

Wana utaratibu wao, na mimi nauheshimu. Chama cha mashabiki kinakodi treni nzima, kichwa cha zamani na mabehewa ya zamani. Njiani mahali penye mandhari nzuri treni inasimama, watu wote wanashuka na kamera zao, wanajipanga mstari mmoja upande wenye mwanga, na hakuna ruhusa ya kuuvuka ule mstari. Kisha treni inarudi nyuma mpaka haionekani, inasubiri kidogo, inakuja kwa kasi na moshi wote, watu wanapiga picha, inasimama mbele, wanapanda tena. Safari ya saa tatu inaweza kuchukua siku nzima na hakuna anayelalamika. Wengine hawapandi kabisa. Wanaifukuza treni kwa gari barabarani, wanaitangulia, wanapiga picha darajani, wanaifukuza tena.

Lakini kitu kinachowatofautisha na mpiga picha wa kawaida ni lile daftari. Kila picha ina namba ya kichwa, tarehe, mahali, treni ilikuwa inatoka wapi kwenda wapi. Ndiyo maana leo tunaweza kusema kwa uhakika kichwa fulani kilikuwa wapi mwaka fulani.

Sasa nisikilizeni vizuri. Picha zao nilizoziona zina namba ya kichwa ila hazina jina la dereva. Wengi walitaka picha "safi", chuma na moshi na mlima, mtu akiingia kwenye fremu wanasubiri apite. Kwenye albamu za nyumbani kwetu mambo yamegeuka: baba amesimama mbele ya kichwa cha treni na suti ya kazi, mkono umeshika bomba, na sisi tunajua jina lake, kabila lake na alikozikwa, lakini namba ya kichwa hakuna, mwaka hakuna, stesheni hakuna. Wao wana nusu ya historia, sisi tuna nusu. Nusu yao imeshapangwa, imehifadhiwa, inaonekana mtandaoni. Nusu yetu iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi Kibosho, inaliwa na mende.

Naomba tuitoe. Kila aliye na mzee aliyefanya kazi reli, iwe Moshi, Kahe, Korogwe, Tanga, Voi, popote, aangalie nyumbani.

Mpare wa Same

Mkuu umenigusa. Mimi Shengena nimekiona kwa macho yangu. Nilikwenda Nairobi kwa shughuli za biashara, nikapita pale makumbusho bila kujua nakwenda kukuta nini. Napita kwenye majani, nainua macho, nakuta kibao MOUNT SHENGENA. Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake ugenini.

Huku kwetu Shengena ni ule mlima wa juu kabisa kwenye milima ya Upare, mita 2,462, msitu wa Chome. Bibi yangu alikuwa anatuonyesha mvua inavyoanzia kule. Sikuwahi kufikiria kuna mtu Manchester aliyekaa akayachonga hayo maandishi kwenye chuma.

Kwa wasiofika: ukisimama upande mmoja unahesabu magurudumu makubwa manne, halafu boila inapita juu yako, unatembea, unatembea, unakuta mengine manne. Chini ya boila pako wazi, unaona upande wa pili, na hapo ndipo nilipoelewa maelezo yako ya tanuru. Nilipitisha kiganja kwenye mkono wa chuma unaozungusha magurudumu. Unene wake haushikiki kwa kiganja kimoja. Mtoto wangu nitampeleka.

Ngarenaro Kwetu

Uzi mzuri sana kaka. Swali langu ni la kibiashara. Ile treni ya kifahari ya Rovos Rail ya Afrika Kusini huwa inatoka Cape Town mpaka Dar es Salaam. Arusha ndiyo mji wa watalii, watalii wanalala hapa wakisubiri Serengeti. Kwa nini isifike huku? Na kwa nini tusiwe na treni yetu ya mvuke, hata ya Arusha–Moshi na kurudi, mlima unauona njia nzima?

Mlinda Reli

@Ngarenaro Kwetu, la Rovos linajibiwa na rula. Inakuja Dar kwa reli ya TAZARA yenye upana wa milimita 1,067. Reli yetu ya Tanga–Arusha ni milimita 1,000. Milimita 67 hizo ndizo zinazoizuia, behewa la huko haliwezi kupita huku bila kubadilishiwa magurudumu.

La treni yetu ya mvuke nalitamani kuliko unavyodhani, ila tuseme ukweli. Kichwa cha mvuke hakiwashwi kama gari. Kinaanza kupashwa moto saa nyingi kabla ya safari, taratibu, kwa sababu chuma kikipata joto ghafla kinapasuka. Boila inatakiwa kukaguliwa na mtaalamu, mabomba yake kubadilishwa. Kinakunywa maji kwa maelfu ya lita, kwa hiyo lazima yawepo matangi ya maji njiani. Zaidi ya yote kinahitaji mtu anayekijua kwa sikio, anayesikia mlio akasema valvu ya kushoto inavuja. Watu hao wanazeeka na kuondoka.

Mfano unaonipa moyo ni Eritrea. Reli yao ya Massawa–Asmara, karibu kilomita 118, inapanda kutoka baharini hadi zaidi ya mita 2,300. Vita viliiharibu kabisa, mataruma ya chuma yakang'olewa kujengea mahandaki. Baada ya uhuru waliamua kuijenga upya kwa mikono yao, wakawaita wazee wastaafu wa reli warudi kazini. Wazee wakarudi. Wakavifufua vichwa vya mvuke vya kiwanda cha Ansaldo vya wakati wa Waitaliano, na mwaka 2003 njia ikafika tena Asmara. Mashabiki kutoka Ulaya wakaanza kwenda kukodi treni, wakilipa kwa fedha za kigeni, kwa ajili ya kupiga picha tu. Kilichofanya iwezekane ni kwamba wale wazee walikuwa hai na kuna mtu aliyejua wanakoishi.

Kwa hiyo hata anayetaka treni ya watalii aanzie hapa hapa: majina ya wazee, picha zao, walichofanya.

Binti Njoro

Shikamooni wakubwa. Mimi ni wa Moshi, Njoro. Marehemu baba alikuwa reli. Baada ya kusoma huu uzi nimeshusha boksi juu ya kabati. Kuna picha moja nyeusi na nyeupe, vijana sita wamesimama mbele ya kichwa cha treni, baba ni wa pili kutoka kulia. Mama anasema ni Nairobi, alipelekwa mafunzo kabla hawajaoana. Ubavuni kwenye kichwa inaonekana 29, tarakimu zinazofuata zimezibwa na bega la kijana mmoja mrefu. Juu kuna bomba la moshi ila limebanwa, siyo duara, ni jembamba ukiliangalia kwa mbele. Kuna mtu anaweza kusema chochote?

Mlinda Reli

Marahaba dada, na pole kwa mzee. Umeleta dhahabu, twende taratibu.

Namba za vichwa vya Afrika Mashariki zilisomeka hivi: tarakimu mbili za mwanzo ni daraja, mbili za mwisho ni namba ya kichwa ndani ya daraja hilo. 5918 ni daraja la 59, kichwa cha 18. Cha kwenu basi ni daraja la 29, vichwa vilivyotengenezwa na kiwanda cha North British cha Glasgow kuanzia 1951. Havikuwa Garratt. Ni vya boila moja na magurudumu manane ya kuvuta. Vichwa vya daraja hili, la 30 na la 31 vilipewa majina ya makabila. Makumbusho Nairobi kuna 2921, kibao chake kimeandikwa Masai of Kenya. Cha daraja la 30 kilichopo pale, 3020, kinaitwa Nyaturu, ndugu zetu wa Singida. Kwa hiyo kwenye picha yenu tafuta kibao cha jina ubavuni. Hata herufi tatu zikionekana, kichwa tutakipata.

Hilo bomba jembamba nalo linasema kitu. Ni bomba la Giesl, limebuniwa na mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen. Ndani yake mvuke unatoka kwa matundu kadhaa yaliyopangwa mstari, ndiyo maana kwa juu ni jembamba na refu kwenda nyuma. Linavuta hewa vizuri, mafuta yanayochomwa yanapungua. Reli yetu ilivifungia vichwa vingi bomba hilo baada ya kuwa vimeshatumika miaka kadhaa. Maana yake picha ya baba siyo ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mama akikumbuka mwaka wa ndoa tutakuwa tumeibana pande zote mbili.

Angalia pia herufi ubavuni mwa tangi la nyuma. TR ni Tanganyika Railways, kabla ya 1948. EAR ni baada ya kuunganishwa na reli ya Kenya na Uganda mwaka huo. TRC ni baada ya Jumuiya kuvunjika 1977. Hii inasaidia yeyote mwenye picha isiyo na tarehe.

Na tafadhali, usiitoe picha kwenye albamu kabla hujasoma ninachoandika sasa hivi.

Mlinda Reli

Kuhusu kunakili picha za nyumbani. Zile albamu za miaka ya 1970 na 1980 zenye kurasa za gundi na plastiki juu ndizo zinazoua picha. Gundi inaingia kwenye karatasi, ukivuta kwa nguvu picha inaachana safu mbili na uso wa mtu unabaki ukurasani. Kwanza ipige ikiwa pale pale, plastiki ikiwa imefunuliwa tu. Ikibidi kuitoa, pitisha uzi mwembamba chini yake, uusogeze kushoto na kulia polepole kuanzia pembeni. Ikigoma, iache.

Simu yako inatosha. Sogeza meza karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja, tandika kitambaa cheupe, zima flashi, shika simu sambamba kabisa na picha ili kingo zisiwe za mshazari. Piga mbele. Halafu geuza upige nyuma hata kama unaona hakuna kitu, kwa sababu mhuri wa studio uliofifia unaweza kuonekana kwenye simu ukiongeza mwanga. Studio za Moshi na Arusha zilikuwa zinagonga mihuri.

Picha za rangi za miaka ya 1970 nyingi zimegeuka nyekundu. Ni rangi ya samawati kwenye karatasi iliyofifia kabla ya nyingine, na programu za simu zinaweza kurudisha sehemu yake. Wale mashabiki wa nje wengi walitumia filamu ya slaidi ya Kodachrome, ambayo ikitunzwa gizani inabaki na rangi kwa miongo. Maabara ya mwisho kuisafisha, ya Parsons kule Kansas, Marekani, iliacha kuzipokea mwishoni mwa Desemba 2010. Sisi tulikuwa na karatasi za studio, kwa hiyo muda wetu ni mfupi kuliko wao.

Mwenye negativu asizitupe. Fungua ukurasa mweupe kwenye simu moja, weka negativu juu yake ikiwa imeinuliwa kidogo, piga kwa simu nyingine, halafu geuza rangi. Nimeona nyuso zikitokea kwenye negativu ambazo familia ilidhani zimekufa.

Dogo wa Majengo

Bro mimi napenda kupiga picha, nina kamera ya kawaida tu. Treni za mvuke sikuzikuta. Nikianza na hii treni ya dizeli ya sasa ni sawa? Na nikitaka Kili ionekane nyuma nisimame wapi? Kila nikienda mlima una mawingu.

Mlinda Reli

Ni sawa kabisa mdogo wangu, na ni muhimu. Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya miaka mingi ya stesheni kuota majani, watu walijaa kwa furaha, Wachaga wakaenda kula Krismasi nyumbani kwa treni. Oktoba 2020 ikafika Arusha. Waliopiga picha siku hizo wengi walikuwa na simu ambazo leo zimeharibika au zimeibwa. Ukiwauliza wanasema "nilikuwa nazo". Hata picha za miaka hii michache tunazipoteza.

Kuhusu mlima: unapiga ukielekea kaskazini, kwa hiyo simama kusini mwa reli. Sisi tuko nyuzi kama 3 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, linakupiga usoni na mlima unakuwa kivuli. Kuanzia Novemba mpaka Januari jua linakuwa upande wa kusini, nyuma ya mgongo wako, linaangaza treni na theluji pamoja. Saa ni asubuhi, kabla ya saa 3, au jioni kuanzia saa 11 mlima ukijifunua. Mchana usijisumbue. Januari na Februari ndiyo miezi ya anga safi zaidi.

Sehemu nzuri ni zile za wazi magharibi mwa Moshi, reli inakovuka mito inayoshuka kutoka mlimani, Weruweru na Kikafu. Usisimame juu ya daraja hata kama treni haipo. Picha ya darajani inapigwa kutoka ukingoni.

Na lile daftari usilisahau. Namba ya kichwa, tarehe, saa, mahali. Sisi tuongeze na lile wasiloandika wao: jina la dereva, jina la gadi, jina la mama anayeuza ndizi dirishani, kama wameridhia. Kuna Mmarekani mmoja, O. Winston Link, alipiga treni za mwisho za mvuke za kampuni ya reli ya Norfolk and Western kati ya 1955 na 1960. Alizipiga usiku, kwa taa nyingi za flashi zilizounganishwa kwa nyaya, ili mwanga autawale yeye mwenyewe. Ukiangalia picha zake unaona watoto wanaogelea, familia ibarazani, watu kwenye magari wanatazama sinema, na treni inapita nyuma yao. Maisha ya watu ndiyo yaliyo mbele. Mimi nadhani ndiyo maana zinatazamwa hadi leo hata na watu wasiojua boila ni nini.

Ngarenaro Kwetu

Hapo kwenye kupiga picha niongezee tahadhari. Mimi niliwahi kuzuiwa kwenye stesheni moja, sitaitaja, mlinzi akataka nifute kila kitu, na nilikuwa napiga jengo tu. Iliniuma. Sasa naingia kwa mkuu wa stesheni kwanza, najitambulisha, naeleza ni za nini. Mara nyingine anakupa hadi mtu wa kukuzungusha. Mmoja aliniletea kiti, akaanza kunisimulia habari za enzi zake mpaka nikasahau kamera.

Mlinda Reli

Umesema vyema. Reli na madaraja vinalindwa, na mashabiki wa zamani nao walikuwa wanahangaikia vibali kabla hawajatoa kamera. Omba ruhusa. Na huyo mkuu wa stesheni rudi kwake na simu, mrekodi sauti akikubali.

Binti Njoro

Nimerudi. Nimeipiga nyuma kama mlivyosema. Kuna mwandiko wa kalamu ya wino, nilidhani ni doa. Mama amevaa miwani akausoma: majina, kwa mpangilio wa kusimama, ila ya upande wa kushoto yamelowa maji. Yanayosomeka ni matatu, likiwemo la baba. Siyaweki hapa mpaka tuzungumze na familia zao. Mwaka haupo. Mama anasema ndoa ilikuwa 1966, kwa hiyo picha ni kabla ya hapo.

Kibao cha jina kipo! Kimejificha nyuma ya yule kijana mrefu, zinaonekana herufi mbili za mwisho tu, na ya mwisho ni A.

Kama kuna mtu humu ana baba au babu wa Moshi, Tanga au Tabora aliyepelekwa mafunzo ya reli Nairobi kabla ya 1966, naomba aangalie boksi lake. Inawezekana kila mmoja alipewa nakala. Yule wa kwanza kushoto ana kovu kwenye nyusi na amevaa saa mkono wa kulia. Mama anamkumbuka kwa sura, alikuja kwenye harusi yao na mkungu wa ndizi kutoka Marangu, jina ndilo limempotea.